MRI ya akili mnemba: mmeipiga au mmeichora?

Kiwalani, Jumapili usiku

Wiki hii sina habari za boom wala za sup, na wale mnaosubiri mwendelezo wa kisa cha yule mwalimu wa Jumanne mtasubiri kidogo. Nina donge. Nimelibeba tangu Jumatano mchana, nimepanda nalo daladala mpaka home, na nikiendelea kukaa nalo nitaugua bure.

Jumatano zilikuwa prezentesheni za projekti za mwaka wa mwisho. Makundi matatu, nasema matatu, yamekuja na kitu kilekile: kuboresha picha za MRI ya ubongo kwa akili mnemba, hasa ile inayoitwa ujifunzaji wa kina. Slaidi zenyewe zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Kushoto ubongo wenye ukungu kama umepigwa kwa kitochi, kulia ubongo unang'aa mpaka unatamani kuugusa. Chini yake imeandikwa: muda umepungua mara nne. Makofi. Kundi la pili, makofi. La tatu, makofi na vigelegele kutoka viti vya nyuma.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza: hii mistari myembamba iliyoko kulia na haiko kushoto, mgonjwa anayo kichwani au mmemchorea? Msemaji wao akatabasamu, "Dada, angalia SSIM, sifuri nukta tisa na ushee." Ukumbi ukacheka. Haya basi, hoja yangu ndiyo hii, naitolea hapa ambapo hakuna mtu wa kunigongea kengele ya dakika mbili.

Kwa wale wa Sheria na Elimu, msikimbie, si ngumu. Mashine ya MRI haipigi picha kama simu, unabofya mara moja umemaliza. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Sumaku kubwa inazipanga zile chembe za haidrojeni, mawimbi ya redio yanazitikisa, nazo zikirudi mahali pake zinatoa ishara. Ishara zinakusanywa mstari baada ya mstari, na kila mstari una muda wake. Ikitimia yote, hesabu za yule Mfaransa, Fourier, zinaigeuza kuwa picha. Ndiyo maana mtu analazwa ndani ya lile tundu nusu saa, wakati mwingine zaidi, kelele kama yupo kiwandani Pugu Road, na haruhusiwi kujitikisa. Mtoto mdogo mara nyingi inabidi alazwe kwa dawa.

Ukitaka kupunguza muda, unaruka mistari. Wazo hilo si la jana, watu wanaruka mistari tangu miaka ya 1990 kwa kutumia antena nyingi kwa pamoja na hesabu za kuziba mapengo. Kilichokuja na ujifunzaji wa kina ni ujasiri wa kuruka mingi zaidi. Unachukua mstari mmoja kati ya minne, halafu mtandao wa kompyuta ambao umekwisha kuonyeshwa maelfu ya picha kamili unakisia ile mitatu iliyobaki.

Sasa fikiria desa. Desa lililopigwa fotokopi ya fotokopi mpaka katika kila mistari minne unaosomeka ni mmoja. Unampelekea mtu wa mwaka wa tatu ambaye somo hilo kalisoma na akalirudia, masikini. Atakujazia mistari iliyopotea, na mingi ataipatia kweli, maana anajua mwalimu huwa anasema nini hapo. Lakini mwaka huu mwalimu kaongeza jambo jipya kwenye mstari wa pili, jambo ambalo hajawahi kulisema. Yule ndugu yetu ataandika lile la kila mwaka. Ataliandika kwa mwandiko mzuri, bila kufutafuta, bila alama ya kuuliza. Na wewe utaingia nalo kwenye mtihani.

Ugonjwa ndio ule mstari wa mwaka huu, jamani.

Msije mkasema fulani anachukia teknolojia. Mwaka 2018 Facebook na hospitali ya chuo kikuu cha New York, NYU Langone, walianzisha mradi wa fastMRI na kumwaga data bure mtandaoni. Ndiyo data ileile mliyoishusha ninyi, makundi yote matatu. Mwaka 2020 wakachapisha jaribio la magoti: data imepunguzwa mara nne, wataalamu wa radiolojia wakasoma picha zilizotengenezwa na mtandao, na majibu yao yakalingana na ya picha za kawaida kiasi kwamba moja ingeweza kushika nafasi ya nyingine. Nawavulia kofia. Mwaka huohuo GE walipata kibali Marekani cha kuuza mfumo wao wa AIR Recon DL, na Siemens na Philips nao wana ya kwao. Kwa hiyo sibishi kwamba kitu kinafanya kazi. Nauliza kinamfanyia kazi nani, na kimepimwa kwenye vichwa vya nani.

Kwa sababu watu haohao wa fastMRI walipoendesha shindano la ubongo mwaka 2020, ripoti yao wenyewe iliyotoka 2021 ilisema wazi kwamba baadhi ya picha zilikuwa na vitu ambavyo mtandao umevitunga. Na mwaka huo wa 2020 Vegard Antun na wenzake walionyesha, katika jarida la PNAS, kwamba ukiitikisa data kidogo, kiasi ambacho jicho haligundui, baadhi ya mitandao hii inavuruga picha, na kwamba kitu kidogo kikiwepo kwenye picha ya asili kinaweza kutoweka kwenye ile iliyojengwa upya. Sikuona slaidi hata moja iliyogusa hayo. Mliishusha data, ripoti hamkuishusha.

Halafu hiyo SSIM mnayoapa nayo. Ni alama ya ufanano, inalinganisha picha mbili kipande kwa kipande na kukupa wastani. Wastani! Chukua picha ya nukta 256 kwa 256. Jumla ni nukta 65,536. Kidonda cha nukta tano kwa tano ni nukta 25, yaani haifiki hata sehemu moja kati ya elfu mbili. Mtandao unaweza kukifuta chote na alama yenu ikabaki palepale, sifuri nukta tisa na ushee, nanyi mkapigiwa makofi. Mgonjwa hakwenda kupima ufanano. Amekwenda kuulizia zile nukta 25.

Tuje kwenye kasi sasa, maana hapo ndipo mliponichefua kabisa. Mara nne ni jibu la swali la nani? Mahali ambapo mashine inafanya kazi asubuhi mpaka usiku na kila dakika ni pesa, ukiwapa dakika umewapa mali. Japan wana mashine za MRI zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na mashine zetu ukianza kuzitaja kwa majina ya hospitali hutachoka.

Mnaikumbuka tarehe 9 Novemba 2015? Wengine mlikuwa shule ya msingi, sawa. Rais Magufuli, siku nne tu tangu aapishwe, aliingia Muhimbili bila taarifa. Akakuta wagonjwa wamelala chini, na mashine za MRI na CT nazo zimelala, takriban miezi miwili hazifanyi kazi, wakati za hospitali binafsi zinafanya. Bodi ikavunjwa. Niambieni, akili mnemba ingesaidia nini pale? Mashine iliyozimika ukiizidishia kasi mara nne inabaki imezimika. Tangu hapo mashine zimeongezeka, zikiwemo zilizonunuliwa kwa ule mkopo wa IMF wa 2021, trilioni 1.3, na ni jambo la kushukuru. Lakini tazameni orodha ya mada za projekti kwenye ubao wa idara. Hakuna hata mmoja aliyechukua mfumo wa kugundua mapema kwamba mashine inakaribia kuharibika, wala wa kuilinda na umeme wetu huu. Haing'ai kwenye slaidi, najua.

Niwape la mtaani. Huku Kiwalani, upande wa Bombom, kuna mama jirani yetu mwenye mtoto wa kichwa kikubwa, wale watoto ambao majini ya kichwani hayatoki inavyotakiwa na kichwa kinavimba. Picha za mtoto anazitunza kwenye ile bahasha kubwa ya kaki, ameifunga kwa mfuko wa nailoni na kuiweka juu ya kabati, kwa sababu mvua ikinyesha chini hapatunziki kitu. Mwezi uliopita akaniita. "Mwanangu, wewe si unasoma kompyuta? Hebu nitazamie, maji yamepungua?" Nikamwambia, "Mama, mimi si daktari, nisije nikakudanganya." Akaniangalia. "Basi mwenye kuelewa ni nani? Kila ninapoipeleka wananiambia picha nzuri."

Picha nzuri! Huyu mama ameuza cherehani kulipia kipimo. Hakununua uzuri.

Na si kwamba akili mnemba haina kazi kwa mtoto kama huyu. Ina kazi kubwa kuliko ya New York, ila iko kwenye sumaku ndogo. Mashine za kawaida hospitalini ni tesla 1.5 au 3, zinataka chumba maalumu, umeme usiotikisika na, nyingi zake, heliamu ya kupozea. Mwaka 2020 kampuni ya Hyperfine iliruhusiwa Marekani kuuza Swoop, mashine ya tesla 0.064, ina magurudumu na inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Imeshafanya kazi Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth. Na karibu zaidi, Uganda, mwaka 2022 timu ya Johnes Obungoloch wa chuo kikuu cha Mbarara pamoja na Waholanzi waliunganisha mashine ya tesla 0.05 palepale chuoni. Vifaa vilikuja kwa ndege vikiwa vipandevipande, na kutoka kufungua maboksi mpaka picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Siku 11! Sisi usajili wa muhula tu unatuchukua muda gani?

Sumaku ndogo ina tatizo lake: ishara ni hafifu. Kwa hiyo ama umlaze mgonjwa muda mrefu, ama ukubali picha yenye chengachenga. Hapo ndipo ujifunzaji wa kina unapokaribishwa ndani, na hata hao Hyperfine wameuingiza kwenye mashine yao. Ndiyo teknolojia itakayokuja kwetu. Na ni palepale ambapo mtandao unakisia zaidi, kwa kuwa umepewa kidogo zaidi.

Kuna utafiti ambao ningependa ubandikwe kwenye mlango wa maabara yetu. Ulitoka 2021, wa Joshua Harper, Steven Schiff na wenzao, na umetumia picha za CT za watoto wa Uganda wenye kichwa kikubwa. Walizichukua picha nzuri, wakaziharibu kwa makusudi kwa viwango tofauti, nyingine wakazisafisha kwa ujifunzaji wa kina, kisha wakawaonyesha wataalamu: je, kwa picha hii ungeweza kupanga matibabu? Kwanza ikaonekana kwamba picha mbaya, ambazo kwa kawaida daktari angezitupa, bado zinatosha kupanga matibabu ya kichwa kikubwa. Pili, zilizosafishwa ziliwavutia wataalamu, lakini nyingine zilikuwa na makosa ya umbo la ubongo ambayo yangewapoteza. Waandishi wakafikia mahali pa kusema kwamba picha hafifu inaweza kuwa afadhali kuliko picha safi inayopotosha.

Someni tena hiyo sentensi, halafu mrudi kwenye slaidi zenu.

Na makosa ya umbo kwa mtoto wa namna hii si mchezo. Pale Mbale, mashariki mwa Uganda, hospitali ya CURE imekuwa ikitibu watoto hawa tangu 2001, na Dk. Benjamin Warf aliendeleza hapo njia ya kuingiza kamera nyembamba kichwani, kuyafungulia maji njia nyingine na kuunguza tishu inayoyatengeneza, badala ya kumwekea mtoto mrija. Jaribio la watoto wachanga 100 lililochapishwa 2017 lililinganisha njia hizo mbili pale Mbale. Daktari anapoamua apite wapi, ukuta mwembamba ndani ya maji ni habari kubwa, na watoto waliopata tatizo baada ya maambukizi huwa nazo hizo kuta. Mtandao ukiufuta ukuta kwa kuwa vichwa uliosomea havikuwa nao, au ukiuchora mahali ambapo kulikuwa na chengachenga tu, daktari anaingia na ramani ya mtaa mwingine. Ni kama ukabidhiwe ramani ya Masaki utafute njia za uchochoroni Kiwalani.

Ndiyo maana nashikilia hili la vichwa vya nani. Ubongo wa Mtanzania hauna tofauti na wa mtu yeyote, tusianze upuuzi huo. Magonjwa ndiyo tofauti, na mashine tofauti, na umri wa wagonjwa tofauti. Chukua minyoo ya tegu ya nguruwe. Lava wake wanajifungia ubongoni kwenye vifuko vidogo, na utafiti uliofanyika Haydom, Mbulu, umekwisha kuonyesha kwamba ni moja ya visababishi vya kifafa huko. Ndani ya kifuko kuna kinundu cha milimita chache, na kinundu hicho ndicho kinachomwambia daktari huyu ni tegu, si uvimbe mwingine. Je, data ya New York inavyo vingapi vya hivyo? Mtandao uliokulia huko ukikutana na kanundu ka milimita mbili kwenye picha ya chengachenga, utakaona ni uchafu, utapiga pasi.

Wala sitanii kuhusu kupiga pasi. Kuna programu inaitwa SynthSR, kazi nzuri sana ya Juan Eugenio Iglesias na wenzake: unaipa MRI ya namna yoyote, inakurudishia picha safi ya milimita moja ili upime ukubwa wa sehemu za ubongo. Walioitengeneza wanasema bila kuficha kwamba vidonda vinazibwa kwa tishu inayofanana na nzima. Kwa kazi waliyokusudia ni sawa, na wameandika. Lakini kundi la tatu, ninyi mliitaja kwenye slaidi ya sita kama njia ya "kumsaidia daktari kuona vizuri." Kuona nini, wakati kidonda kimezibwa?

Najua mnachosema huko mezani, nimeshakisikia cafeteria: "Bora hiyo kuliko hakuna." Hoja hii ina nguvu, siidharau. Mama wa Bombom akipata kipimo cha bei nafuu karibu na kwake, nani atamwambia asubiri tesla 3? Si mimi. Ila angalieni mnalinganisha nini na nini. Mnasema ni kati ya picha ya akili mnemba na kukosa picha. Siyo. Mashine ndogo ikikaa pale, ile picha yenye chengachenga ipo, imeshapigwa. Daktari akiitazama na asione vizuri, anajua haoni. Atasema turudie, au nenda CT, au atamwita mwenzake. Picha ikishapigwa pasi, ule wasiwasi unaondoka, na wasiwasi wa daktari ni sehemu ya matibabu. Tena kwetu, ambako aliye zamu usiku wilayani anaweza asiwe na mtaalamu wa radiolojia wa kumuuliza.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa. Picha iliyosafishwa isitoke peke yake, itoke na ile ya asili pembeni, kila mara, hata kwenye bahasha ya mgonjwa. Mahali mtandao ulipokisia sana paonyeshwe kwa rangi, njia za kukadiria hivyo zipo na ni somo zuri la projekti kuliko kuongeza nukta moja ya SSIM. Na mpimo uwe uamuzi: mpe daktari picha hizi na hizi bila kumwambia ipi ni ipi, uone kama atamfanyia mtoto jambo lilelile. Mkishindwa kumpata daktari, basi msiandike neno "hospitali" kwenye kichwa cha projekti, andikeni mmecheza na data ya fastMRI. Hakuna aibu.

Kisingizio cha mwisho ni data ya hapa. "Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana." Inabana wizi. Picha zikiondolewa majina, ridhaa ikatafutwa, kibali cha maadili kikaombwa chuoni na NIMR, mlango upo. Wanaijeria wamepita: tangu 2023 shindano la BraTS lina sehemu yake ya Afrika, na picha za uvimbe wa ubongo kutoka hospitali za Nigeria zimo, na wanafunzi wa Kiafrika wanafundishwa humo kutengeneza mitandao yao. Za kwetu ziko kwenye bahasha juu ya makabati.

Nimeanza kuijaza fomu ya maadili. Ina maswali ya kuchosha, hasa lile la nani atatunza data na kwa miaka mingapi. Natafuta wawili wanaojua kuandika programu, na mmoja wa Muhimbili anayesomea radiolojia ambaye hataogopa kutuambia tunakosea. Ninyi wa makundi matatu mnakaribishwa pia, tena kwanza. Andikeni kwenye komenti, au nifuateni maktaba, mezani kwangu palepale karibu na dirisha, isipokuwa Alhamisi, nina testi.